Ndiyo Arobaini na Sita

Nakuambia mapema tusije tukalaumiana: mimi hasira zangu ziko karibu. Mama yangu alikuwa hivyo hivyo, na mama yake pia. Miaka kumi na saba nilipiga chapa kwenye ofisi ya ushirika wa pamba, na katika miaka hiyo niligombana na wahasibu wanne, dereva mmoja, na padri aliyekuja kubariki jengo. Kwa hiyo walipokuja kupunguza wafanyakazi, jina langu, Modesta, lilikuwa la pili kwenye orodha. La kwanza lilikuwa la mtu aliyekufa mwaka uliotangulia.

Nikaanza kuuza vitumbua Mabatini, mjini Mwanza. Sasa, biashara ya vitumbua inataka mtu mwenye ulimi laini. Mteja anashika kitumbua, anakigeuza, anakirudisha, anashika kingine, na wewe unatakiwa utabasamu. Mimi nilikuwa nawaambia waende wakanunue matofali, yanageuzika vizuri zaidi. Baada ya miezi minane mtaji ulikuwa karibu kwisha, na wateja nao.

Huo ulikuwa mwaka tisini na sita, na ndipo Collins Otuoma akanikuta. Kijana wa Shirati, miaka ishirini na saba, amesomea kompyuta Dar es Salaam, shati limechomekwa, kalamu tatu mfukoni. Alikuwa amepanga chumba juu ya duka la baiskeli, hatua chache kutoka kwenye karai langu. Bosi wake, Mzee Nkwabi, alikuwa na kampuni huko Dar ya kutengeneza kompyuta za maofisi na kuziunganisha kwa waya, ili karatasi iliyoandikwa chumba hiki ionekane chumba kile bila mtu kuinuka.

"Kwa nini asiinuke?" nilimwuliza. "Miguu yake imefanya nini?"

Collins akacheka, akanunua vitumbua vinne bila kuvigeuza. Nikampenda hapo hapo.

Akanieleza shida yake. Mzee Nkwabi alikuwa anataka kufungua tawi moja tu mwaka ule. Ama Mwanza, lihudumie mikoa yote ya Ziwa, ama Arusha. Kabla ya kuamua alitaka utafiti wa soko: ofisi ngapi zina kompyuta, ngapi zinataka kuunganishwa. Collins alikuwa na wiki tatu, na hakuna mlango wa ofisi aliokuwa anaujua Mwanza nzima. Alikuwa anahitaji mtu anayewajua watu na asiyeogopa milango.

Nikamwambia milango ndiyo inayoniogopa mimi.

"Basi dada Modesta," akasema, "tawi likifunguliwa, wewe ndiye msimamizi wa ofisi. Kazi ya kudumu, kwa mkataba. Lisipofunguliwa, mimi naitwa Arusha na wewe..." Akalitazama karai langu, akaona aibu kumalizia.

Niseme wazi, niliitaka ile kazi. Niliitaka mpaka nikawa napita kwenye duka la samani kuangalia viti vyenye mgongo. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, mikono imeungua mafuta, na nilikuwa nimechoka kuitwa "mama vitumbua" na watu ambao barua zao nilizichapa mimi. Nilitaka kukaa tena mahali ambapo mtu anabisha hodi kwanza.

Collins alikuwa na fomu yenye maswali kumi na mawili. Swali la saba ndilo lilikuwa lenyewe: "Je, ofisi yako ingependa kompyuta zake ziunganishwe?" Chini yake visanduku vitatu: Ndiyo, Hapana, Sijui. Nikavaa gauni langu la Pasaka, nikatia fomu kwenye mkoba, nikaanza kutembea.

Jamani, nilipokelewa! Sijawahi kupokelewa vile tangu nizaliwe. Nilikwenda kwa mawakala wa mizigo mjini, kwa wanunuzi wa pamba Igoma, kwenye viwanda vya minofu ya samaki kule ufukweni Ilemela, kwenye karakana, kwa mawakili. Kila mahali kiti, kila mahali soda. Meneja mmoja alinisindikiza mpaka barabarani amenibebea mkoba. Na swali la saba, wote, ndiyo. Mwingine aliona kisanduku hakimtoshi, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Ndiyo kabisa!"

Baada ya wiki mbili nilikuwa na fomu arobaini na sita, na ndiyo arobaini na sita. Hapana hata moja. Collins alizihesabu mara mbili, kisha akacheza pale pale chumbani mpaka mwenye duka la baiskeli akagonga dari kwa ufagio.

"Asilimia mia moja, dada! Hata Dar hakuna soko la hivi!"

Na mimi nikacheza. Nisijifanye mjanja, nilicheza.

Kilichotuumbua ni swali la tisa. Kwenye fomu ya Bwana Luhaga, mnunuzi wa pamba kule Igoma, nilisahau kuandika idadi ya vyumba. Nikaona nirudi mwenyewe, ni kitu cha dakika tano. Mara ya kwanza alinipokea kibarazani, akaniagizia soda, tukamalizia pale pale. Safari hii sikumkuta kibarazani, nikapitiliza ndani.

Kompyuta ilikuwa mezani, ndiyo. Ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa maua. Juu ya kitambaa kulikuwa na redio ya betri, na juu ya redio sahani ya karanga. Waya wa kompyuta ulikuwa umefungwa vizuri kwa kamba ya katani, unaning'inia. Nikatafuta pa kuuchomeka. Hakuna. Nikatazama juu nitafute taa. Hakuna. Ofisi ile haikuwa na umeme!

Bwana Luhaga akatokea uani anapangusa mikono.

"Bwana Luhaga!" nikafoka, hata salamu sikumpa. "Wewe si uliniandikia ndiyo? Si ulisema unataka uunganishwe? Uunganishwe na nini, na karanga?"

Hakukasirika hata kidogo. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Sasa dada, ulikuja na jua lote lile. Miguu ina vumbi mpaka magotini. Umekaa, umekunywa soda yangu, umeniuliza kwa adabu. Halafu nikuambie hapana? Wewe ungekuwa mimi, ungesema hapana?"

Lo! Ningesema ndiyo. Mimi huyu huyu, pamoja na hasira zangu zote, mgeni akinijia nyumbani ananiuliza kama ningependa kwenda mwezini, ningemwambia ndiyo, karibu ule kwanza. Hapana yangu mimi naitumia kwa mbuzi akiingia kwenye mahindi. Nilikuwa nimezunguka mji mzima wiki mbili nakusanya adabu za watu, nikaziita soko.

Nilirudi Mabatini naongea peke yangu. Chini ya ngazi zetu alikuwa amekaa Ng'washi, mwanamke anayepeleka chai na chapati maofisini, anaosha vikombe. Nikajitupa kwenye benchi lake, nikamwaga yote: fomu, karanga, kamba ya katani. Nilitegemea anionee huruma. Ng'washi akacheka mpaka akaweka kikombe chini kisije kikavunjika.

"Dada Modesta, wewe umewauliza watu! Ungeniuliza mimi. Mimi najua kwa chai."

"Unajua nini kwa chai?"

"Sikiliza. Naingia ofisi thelathini, arobaini kwa siku. Pengine naambiwa, mama weka hapo, juu ya kompyuta. Basi hiyo ni meza, dada, haina tofauti na meza. Lakini kuna kwingine, sijafika hata mlangoni, watu wanapiga kelele: Chai isiingie humu! Weka nje! Weka nje! Ukisikia hivyo, humo ndani kompyuta inafanya kazi, na mwenyewe anaiogopea."

Nilimtazama yule mwanamke nikaona kwamba Mzee Nkwabi alikuwa anapaswa kumwajiri yeye.

Asubuhi yake nilifunga kitambaa kichwani, nikavaa kanga ya Ng'washi, nikabeba kikapu cha chapati, tukaondoka wote wawili. Siku tatu. Na nikuambie jambo lililoniuma: hakuna aliyenitambua. Watu walionipa kiti na soda juzi, walionisindikiza barabarani, leo hata kichwa hawakuinua. "Weka hapo." Nikameza hasira, maana nilikuwa kazini.

Nikaweka hapo, na hapo, na hapo. Niliweka chupa za chai juu ya kompyuta za watu wazima. Nilikuta moja imezuia mlango usijifunge kwa upepo. Nyingine ilikuwa bado kwenye boksi lake, na juu ya boksi viatu vya mkurugenzi vinakauka. Yule wa "Ndiyo kabisa" yeye alikuwa na kompyuta iliyotiwa plastiki na kufungwa kufuli, ufunguo amesafiri nao shemeji yake.

Walikotufukuza, nilipiga alama kwenye mfuko wa unga wa Ng'washi. Aliyetufukuza vibaya kuliko wote ni Mama Aoko, mkuu wa ofisi kwenye kiwanda kimoja cha minofu kule ufukweni. Tulikuwa bado hatua kumi kutoka mlangoni. "Nyie! Na hilo birika! Rudini!" Ng'washi akanikonyeza. Nikapiga alama kwa furaha, sijawahi kutukanwa nikafurahi vile.

Siku ya tatu jioni nikahesabu alama. Tisa.

Nilimpelekea Collins ule mfuko wa unga. Aliutazama, akanitazama.

"Dada, tisa?"

"Tisa."

"Lakini hizi hapa arobaini na sita ni za mkono wako mwenyewe. Mimi nimeshampigia simu mzee. Anakuja Ijumaa, kwa ndege ya asubuhi, anarudi na ya saa kumi. Nimemwambia arobaini na sita!"

"Mwambie tisa."

"Tisa ni Arusha! Unaelewa? Tisa ni mimi kufunga mizigo, na wewe kurudi kwenye karai!"

Nilielewa vizuri sana. Usidhani sikujaribiwa. Nilizishika zile fomu nikafikiri, Modesta, hujadanganya neno, watu waliandika wenyewe, nyamaza tu. Nikafikiria kiti chenye mgongo. Lakini nikafikiria pia miezi mitatu mbele, nimekaa kwenye hicho kiti, tawi limefunguliwa, na mafundi wamekaa wanacheza bao kwa sababu mji mzima una karanga juu ya kompyuta. Halafu wananipunguza tena. Kupunguzwa mara mbili nisingeweza.

Ijumaa akaja Mzee Nkwabi. Mfupi, miwani ya kamba shingoni, koti la kijivu, mpole. Mzaliwa wa Magu, jirani na hapa, ameondoka zamani lakini lafudhi haijaondoka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Mmeshindaje huku nyumbani?"

Collins akamtandazia fomu mezani. "Mzee, ofisi arobaini na sita, na zote..."

"Ni tisa," nikasema.

Collins akafumba macho. Nikaeleza yote, tangu soda mpaka chai. Nikaweka mfuko wa unga juu ya fomu. Mzee Nkwabi alicheka sana kwa ile ya viatu vya mkurugenzi, akafuta miwani, akazisoma zile alama moja moja. Kisha akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Vizuri. Vizuri sana. Nimefurahi mno. Tutafungua. Nikifika Dar nitawaandikia."

Collins akaruka, nusura aangushe meza. "Asante mzee! Asante!"

Mimi sikuruka. Ile sauti nilikuwa naijua. Tabasamu lile, mikono miwili ile, "vizuri sana" ile, nilikuwa nimezisikia mara arobaini na sita kwa wiki mbili, nikizisindikiza na soda. Mtu wa Magu huyu, nikajiambia, na sisi tumemkaribisha, tumemnywesha chai, tumemwonyesha kazi yetu. Atasemaje hapana?

"Mzee, unisamehe," nikasema. "Hiyo ndiyo yako ni ya kufungua tawi, au ni ndiyo ya kumaliza soda?"

"Dada!" Collins akanong'ona. "Mama yangu, dada!"

Mzee Nkwabi akaniachia mkono. Akakaa taratibu. Akavua miwani.

"Ni ya soda, binti yangu."

Nilimheshimu kwa jibu lile, na liliniuma mpaka kwenye mifupa.

"Tisa si mbaya," akaendelea, anatazama mikono yake. "Lakini mtu kutumia kompyuta ni jambo moja, na kutaka waya wangu ni jambo jingine. Na hao tisa nao waliandika ndiyo, sivyo? Nao ni watu wa huku huku. Nitajuaje?"

Nikatamani kulia, na nikatamani kupiga meza. Nikapiga meza. Pembeni pale kwenye rafu kulikuwa na drili ya Collins, kubwa, na ncha zake ndefu za kutobolea zege, haijatumika tangu aje.

"Tukawaulize kwa hiyo!" nikasema.

"Kwa drili?"

"Kwa drili, mzee! Mtu atakupa ndiyo kwa adabu. Atakupa soda kwa adabu, atakuchinjia hata kuku. Lakini nani atakuacha utoboe ukuta wake kwa adabu? Nionyeshe mtu huyo! Saa hizi ni saa saba. Una muda. Twende, tuingie, tuseme tumekuja kutoboa. Anayekubali kutobolewa, huyo ndiye soko."

Mzee mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Haya," akasema. "Sijawahi kuona. Haya, twende."

Tukaazima pikapu ya mwenye duka la baiskeli. Ofisi ya kwanza kati ya zile tisa ilikuwa ya wakala wa mizigo, mjini. Tabasamu, karibuni, karibuni, ndiyo tunataka sana, hata leo, hata sasa. Collins akaitoa drili kwenye mfuko akaielekeza ukutani. Yule bwana akarukia katikati, mikono ameitanua.

"Hapana! Hapana, hapana, hapana! Ukuta huu umepakwa rangi Krismasi!"

Nilitamani kumkumbatia. Hapana yangu ya kwanza katika mji wa Mwanza! Nikamshukuru, akabaki ananishangaa.

Ya pili walisema tumsubiri mkurugenzi, yuko Bukoba. Ya tatu mwenye nyumba mkali, hata picha hairuhusiwi kutundikwa. Ya nne wakaficha ufunguo wa swichi kubwa ya umeme. Ilipofika saa nane na nusu Collins alikuwa hasemi tena, na Mzee Nkwabi alikuwa ameanza kunituliza, "usijali binti, usijali," kwa ile sauti ya soda. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilimwambia Collins akate kushoto, twende ufukweni.

Mama Aoko alikuwa mezani kwake, mwanamke mpana, miwani pale puani, kompyuta mbili mbele yake. Collins akamwamkia kwa heshima zote za kwao Shirati. Akaitikia bila kuinua kichwa. Kisha akaniona.

"Wewe si ndiye mwenye chapati?"

"Ndiye, mama."

"Na si ndiye uliyeleta fomu?"

"Ndiye huyo huyo."

"Nilijaza ndiyo. Mnataka nini tena?"

Collins akainyanyua drili. "Mama, tunataka kutoboa ukuta huu. Leo. Sasa hivi."

Mama Aoko hakusema ndiyo, wala hapana. Alimtazama Collins, akaitazama drili. Wakati huo huo mlango ukafunguka, akaingia msichana wa mapokezi ya samaki, Faith, na gambuti zake, maji yanamchuruzika, ameshika disketi ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa anatoka chumba cha mzani, nyuma ya ukuta ule ule, ambako kompyuta nyingine ilikuwa inaandika kilo za samaki kwenye disketi. Lakini sheria za usafi hazikuruhusu mlango kati ya samaki na ofisi, kwa hiyo kila mzigo ukipimwa alikuwa anatoka nje, anazunguka jengo zima, anapita geti, anaingia kwa mbele. Mama Aoko akachukua disketi, akaifuta kwa kanga, akaisukuma kwenye kompyuta. Kompyuta ikalia, ikakataa.

"Imelowa!" akapiga kelele. "Ya tatu leo! Ya tatu, Faith! Lori la barafu linanisubiri, na mimi sijui nina samaki kiasi gani!"

"Mama, si mimi, ni ziwa," akasema Faith, karibu kulia.

Mama Aoko akasimama. Hakututazama. Akaenda kwenye kabati la chuma lililoegemea ukuta, kabati limejaa mafaili mpaka juu, akaliwekea bega, akaanza kulisukuma peke yake. Likakwaruza sakafu. Sisi tumeduwaa.

"Nisaidieni basi!" akafoka. "Mmesimama kama mmealikwa!"

Mzee Nkwabi ndiye aliyefika wa kwanza. Na koti lake la kijivu, akashika upande wa pili, wakasukuma. Mama Aoko akaweka kidole ukutani, usawa wa magoti.

"Hapa. Si hapo, hapo kuna bomba. Hapa."

"Mama," Mzee Nkwabi akasema anahema, "na mkurugenzi hatagomba?"

"Akiuliza kuhusu ukuta, aje aniulize mimi. Toboa wewe kijana, unangoja nini?"

Collins akatoboa. Mama yangu, kelele ile! Vumbi likajaa ofisi nzima, likatua kwenye mafaili, kwenye nywele za Faith, kwenye miwani ya kila mtu. Mama Aoko alikuwa amejitandaza juu ya kompyuta zake na kanga, amezikumbatia zote mbili, anapiga kelele, "Endelea! Endelea!" Kisha drili ikazama mbele ghafla, na mwanga mdogo ukaingia, na harufu ya sangara.

Halafu sauti ya mwanaume upande wa pili: "Jamani, nani anatoboa?"

Mama Aoko akapiga magoti sakafuni, mwanamke mzima yule, akaweka mdomo kwenye tundu. "Elias! Uko kwenye mzani?"

"Niko, mama!"

"Mzigo wa mwisho kilo ngapi?"

"Mia tatu arobaini na mbili!"

"Kiti! Nipeni kiti!" Akarudi mezani akaandika. Kompyuta ikapokea. "Na uliotangulia?"

"Mia mbili na tisini!" likasema tundu.

Tukaanza kucheka, sote, na Faith na machozi yake. Waya ulikuwa bado kwenye pikapu, haujakatwa hata futi moja, na ofisi ilikuwa tayari imeanza kulitumia tundu. Collins akakimbia kuleta roli la kebo. Akajilaza sakafuni anaipenyeza, Elias anaivuta kule, na Mzee Nkwabi akavua koti, akaliweka juu ya kabati, akachuchumaa na roli mikononi akiiachia polepole.

Saa ya ukutani ikafika tisa na robo. Nikamwinamia.

"Mzee, ndege yako."

"Nimeshika waya, binti."

Ikafika tisa na nusu. Ikafika kumi kasoro. Nilikuwa naitazama ile saa kuliko nilivyowahi kutazama saa yoyote, na nilikuwa namwomba Mungu mzee asisimame. Alisimama mara moja. Goti lilikuwa linamuuma. Akalinyoosha, akachuchumaa tena.

Saa kumi na dakika chache tuliisikia ndege ikipanda kutoka uwanjani, ikapita juu ya kiwanda, mabati yakatetemeka, Elias akalazimika kurudia kilo. Mzee Nkwabi aliinua macho kwenye dari, akasikiliza mpaka mlio ukaisha kuelekea Dar es Salaam. Hakusema "vizuri sana", wala hakusema amefurahi. Akafungua mzunguko mwingine wa kebo.

"Kijana, vuta," akamwambia Collins. Kisha, bila kugeuka: "Na wewe, kesho ofisi unaifungua saa ngapi?"

"Saa moja na nusu, mzee," nikasema. Nililia pale pale, mbele ya Mama Aoko na vumbi lake lote, wala sikumgombeza mtu.